Nilibadilisha 5 ikawa 4, miaka saba baadae nina riwaya. Niulizeni

KIDOLE KIMOJA (mwanzisha uzi):
Wakuu habari za saa hizi. Humu mimi ni wa kusoma tu na kuondoka, miaka yote sijawahi kufungua uzi, ila leo nimeona nijitose. Riwaya yangu ya kwanza imemalizana na mhariri wiki iliyopita na imeshaenda kuchapwa, na kila ninayemwambia ananiuliza vitu vilevile viwili, umesomea wapi na wazo ulilitoa wapi. La kwanza jibu lake fupi, sijasomea. Shule kwenye insha nilikuwa wa katikati, kila karatasi ikirudi imeandikwa kwa wino mwekundu "unatoka nje ya mada". La pili ndo refu na ndo limenifungulisha uzi, nitaandika kwa vipande maana natumia simu.

Nianze na mzee wangu. Mzee alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu na alikuwa muongo. Sisemi vibaya, ni mzima na anajua naandika hivi, alikuwa muongo wa kiwango cha juu kabisa. Akichelewa siku tatu lazima arudi na stori na stori ikimalizika mmesahau kwamba mlikuwa mnamdai maelezo. Mimi nilikuwa nakaa mlangoni nasikiliza na nilivyokua kidogo nikaanza kuona ufundi wake. Muongo wa kawaida anajipamba, si ndio, yeye ndo aliyeokoa watu, yeye ndo aliyemjibu mkubwa akanyamaza. Mzee alikuwa hafanyi hivo. Yeye katikati ya uongo anaweka kitu kimoja kidogo kinachomuaibisha yeye mwenyewe na ambacho hakina kazi yoyote kwenye stori. Kuna siku kachelewa akasema maji yalipita juu ya daraja, sawa, daraja kila dereva anasema. Ila akaongeza kwamba wakati anakimbia kurudi kwenye gari kiatu kimoja kilimtoka akaogopa kurudi kukichukua, akaendesha siku nzima na kiatu kimoja, na kituo cha mafuta walimcheka. Nyumba nzima tulicheka. Daraja likawa la kweli kwa sababu ya kiatu.

Sasa mama. Mama hakuwa mtu wa kugombana, alikuwa anasubiri. Akamuuliza, kilikuwa cha kushoto au cha kulia? Mzee akasema kushoto. Mama akasema haya, pole. Siku ya nne yake akiwa anafua akauliza tena kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi, hivi ulisema kile cha kulia ndo kilienda na maji? Mzee akasema ndio kulia, wala sitakisahau. Basi. Mama hakusema kitu, aliendelea kufua.

Darasa langu la uandishi ndo lile wakuu. Mmoja ananifundisha uongo unavyosimama na mwingine ananifundisha unavyoanguka, chini ya paa moja, bila ada. Naja na kipande cha pili, ni kuhusu kazi niliyofanya.

MSUBIRI GARI:
Naweka kambi hapa. Mzee wako atafutwe apewe nishani

BINTI WA PAZIA:
😂😂 "hivi ulisema cha kulia" huyo mama angekuwa wakili kuna watu wangefungwa. Endelea mkuu

KIDOLE KIMOJA:
Twende. Nilivyomaliza shule sikuendelea, nikapata kazi ya kutaipu. Ofisi ndogo, kompyuta mbili, printa moja na mashine ya fotokopi iliyokuwa inakula karatasi. Watu wanaleta vitu vimeandikwa kwa mkono nawachapia. Jina langu la humu ndo lilipotoka, mwezi wa kwanza nilikuwa nataipu kwa kidole kimoja na wateja wanasimama nyuma yangu wanapumua.

Nilikaa pale miaka tisa. Hebu fikirieni vitu vinavyopita mikononi mwa mtaipu. Barua za kuomba kazi, barua za kuacha kazi, barua za kuomba kurudishwa kazini. Mikataba ya nyumba. Wosia. Mahari mpaka talaka. Barua ya mapenzi nimetaipu nyingi tu, kuna jamaa alikuwa analeta moja kila mwisho wa mwezi kwa mtu yuleyule na mara zote anasema mwandiko wake mbaya, nilikuja kuelewa tatizo halikuwa mwandiko, alikuwa anataka kuwe na mtu mwingine aliyesoma kabla haijaenda.

Pale nilijifunza kitu ambacho sijui kama kuna chuo wanafundisha, kwamba mtu haandiki kama anavyoongea, na hapo kati ndo yupo yeye mwenyewe. Mama mmoja ananieleza mgogoro wa ukuta na jirani yake kwa nusu saa, analia, anatukana, ananionyesha kwa mikono. Nikimwambia haya sasa tuandike nini, anajinyoosha anasema andika, "Ndugu mhusika, husika na kichwa cha habari hapo juu." Yote yale yamepotelea wapi? Nilikuwa nabaki na karatasi nyepesi mkononi na kichwa kimejaa yale ambayo hayakuandikwa.

Ila vilivyonikaa zaidi ni historia za marehemu. Ile inayosomwa mazishini, alizaliwa lini, akasoma wapi, akafanya kazi wapi, akaugua, akafariki, ameacha mjane na watoto kadhaa. Nimetaipu mamia. Zote zinafanana na marehemu wote walikuwa watu wa watu. Baada ya miaka miwili mitatu unaanza kuona mashimo. Miaka kumi imerukwa hapa kuanzia kazi hii mpaka kazi ile, alikuwa wapi? Mke wa kwanza ana mstari mmoja hana jina. Nilikuwa naziona kama nguo iliyoshonwa juu ya kidonda.

Sasa siku moja ililetwa moja asubuhi, nikaitaipu, ikasomwa na waliokuja wakaridhika, mwisho wake ilikuwa "ameacha mjane na watoto 5". Nakala sitini nitoe wakija kuchukua jioni. Saa nane akaja mwanamke wa makamo, dada yake marehemu, alikuwemo asubuhi ila hakuongea. Akakaa kwenye benchi mpaka wateja wote wakaisha. Akaja akasimama pembeni yangu sio mbele, akasema kwa sauti ya chini, ile tano iwe nne. Nikadhani asubuhi walikosea, nikamuuliza mmoja alishafariki? Akasema hapana. Nikabaki namwangalia. Akasema wewe andika nne.

Nikabonyeza kitufe kimoja. Kufuta, nne, tunza. Sekunde tatu hazifiki. Akalipa, akashukuru vizuri sana, akaondoka na nakala zake sitini.

Hiyo ndo riwaya. Sikuwa najua kingine chochote na mpaka leo sijui. Miaka saba nilikuwa najaribu kujibu yule mama ilikuwaje akasimama pembeni na sio mbele.

MSUBIRI GARI:
daah

MKIA WA NYANI:
Hiyo nne imenipa baridi aisee. Na wale watu msibani wanasikia nne wote wanajua tano wote kimya

MSOMAJI MGUMU:
Mimi nitakuwa mbaya wa uzi, samahanini. Mkuu unaandika vizuri ila umejiuliza kama ilikuwa haki yako? Watu walikuja kwako na shida zao wakakuamini kama wanavyomwamini daktari, wewe ukawa unaweka akiba. Leo unatoa kitabu unasifiwa, yule dada wa marehemu akikishika je? Huyo mtoto wa tano yeye akikishika? Waandishi mna tabia ya kuita wizi "msukumo". Nimeishi jirani na mtu aliyeandikwa kwenye kitabu cha rafiki yake, jina limebadilishwa, kila kitu kingine kimeachwa mpaka ndevu, yule bwana alihama mtaa. Sio utani.

BINTI WA PAZIA:
Msomaji Mgumu ukianza hivo hakuna kitabu kitaandikwa duniani, watu wataandika kuhusu mawe

MSOMAJI MGUMU:
Sijasema asiandike. Nimeuliza swali, mwenye uzi ajibu.

KIDOLE KIMOJA:
Swali la haki kabisa na nilishajiuliza mpaka nikaacha kuandika miezi kama minane hivi. Nakujibu nilivyofikia, ukikataa sawa.

Kitu cha kwanza, nilijiwekea sheria kwamba barua ya mtu siigusi. Yule jamaa wa mapenzi wa kila mwezi hayumo kwenye kitabu na hatakuwemo kwenye kingine, ingawa wallahi ananitamanisha. Mama wa ukuta hayumo. Nilichochukua ni shimo, na shimo halina mwenyewe. Sikuchukua tano, nilichukua ile hatua ya kutoka tano kwenda nne. Marehemu wangu kwenye kitabu ni mwanamke, kazi nyingine, ugonjwa mwingine, familia haina hata sura moja niliyowahi kuiona. Baada ya rasimu ya pili nikampa rafiki yangu niliyekuwa natoka naye kazi moja, yeye pia alikuwa anataipu mashine ya pili, nikamwambia soma uniambie ni mteja gani. Akataja watatu na wote hakuna aliyepatia. Hapo ndo nikalala.

La pili na hili ndo lilinigharimu. Rasimu ya kwanza niliandika kutoka kwa yule mtoto wa tano, yani aliyefutwa. Nilidhani ndo haki, si ndo aliyeonewa. Kurasa 140 za huruma, analia kila sura, kila mtu mbaya isipokuwa yeye. Nilivyorudia kusoma nikaona nimefanya kulekule nilikokuwa nakucheka ofisini, nimeandika historia ya marehemu nyingine ambayo mtu hana dosari. Zilikufa. Nilikaa nazo kama mtu anayekaa na mgonjwa anayejua hatapona. Kilichonirudisha ni kukumbuka kwamba yule mama alishukuru. Vizuri, kwa adabu, alinishukuru mara mbili. Mtu katili hashukuru vile. Nikaanza upya kwa nafsi ya kwanza, anayesimulia ni shangazi mwenyewe, mwenye kuamuru nne iandikwe, na anampenda yule mtoto kuliko wote. Sasa ilikuwaje mtu amfute anayempenda? Swali likawa lake badala ya langu, na kitabu kikaanza kutembea chenyewe. Kwahiyo Msomaji Mgumu, kama kuna mtu niliyemkosea ni kwamba kwa miaka miwili nilimhukumu mwanamke kwa kitufe nilichobonyeza mimi.

La tatu ni dogo. Nani kakwambia ilikuwa tano na nne kweli? Mimi ni mtoto wa dereva yule yule.

MSUBIRI GARI:
😂😂😂😂 ametupiga na kiatu

MKIA WA NYANI:
Nimerudi juu kusoma kichwa cha uzi upya, mzee umetupata wote

MSOMAJI MGUMU:
Haya hapo umenimaliza. Nakubali nusu. Nusu nyingine nitasema nikishasoma kitabu.

MWALIMU WA ZAMU:
Nimefundisha fasihi miaka mingi na niseme tu habari ya "umesomea wapi" inanichosha. Wanafunzi wananiuliza kila mwaka, mwalimu nikitaka kuwa mwandishi nisome nini, wanatarajia nitaje chuo. Ukiangalia waandishi wenyewe walikuwa wapi kabla ya kitabu cha kwanza utacheka. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha. Joseph Conrad alizaliwa 1857 kwenye familia ya Kipolandi, akawa baharia karibu miaka 20, Kiingereza amejifunza ukubwani akiwa melini, na riwaya yake ya kwanza ikatoka 1895 kwa Kiingereza hichohicho. Agatha Christie wakati wa vita vya kwanza vya dunia alikuwa anatoa dawa kwenye duka la dawa la hospitali, kutwa anazungukwa na chupa ambazo ukizidisha kipimo mtu hafiki kesho. Dada yake akamwambia huwezi kuandika hadithi ya upelelezi, akaandika, wachapishaji kadhaa wakaikataa, ikaja kutoka 1920. Na mtu anakufa kwa nini humo? Kwa sumu, ilikuwa itoke wapi nyingine. Na aliijua vizuri kiasi kwamba jarida la wafamasia lilimsifia.

Yani kazi inayokupa mkate ndo inakupa macho. Tatizo watu wanadhani kazi yao ni kitu cha kukimbia ili waende kuwa waandishi mahali pengine.

Mwenye uzi kwa kuwa wewe ni mtaipu nikupe na moja ya kwenu. Chinua Achebe riwaya yake ya kwanza aliiandika kwa mkono, akatuma ile nakala yake moja tu kwa ofisi ya kutaipu London. Akalipia. Kimya. Miezi inapita anaandika barua hakuna jibu. Bosi wake wa kazini kwenye redio alikuwa anaenda likizo Uingereza, ikabidi aingie pale mwenyewe kuuliza, mswada ulikuwa umetelekezwa kwenye kona unapigwa vumbi. Ndo ukataipiwa, ukatoka 1958. Achebe mwenyewe alikuja kusema kwamba ungepotea huenda angekata tamaa kabisa.

KIDOLE KIMOJA:
Mwalimu hiyo ya Achebe nilikuwa siijui na imenitoa jasho la kweli. Maana naijua ile kona. Kila ofisi ya kutaipu ina ile kona. Kazi ndefu, mwandiko mgumu, mwenyewe yuko mbali hawezi kuja kukusimamia, unasema nitaianza kesho, kesho anakuja mtu wa barua ukurasa mmoja anasubiri hapohapo. Sisi tuliwahi kukaa na daftari la mzee mmoja, kumbukumbu zake za maisha, kama miezi mitano. Alivyokuja hatimaye hakugomba, aliuliza tu mmefika ukurasa wa ngapi. Tulikuwa hatujafungua. Nililitaipu lote usiku ule, peke yangu, na naomba nikiri, lilikuwa zuri kuliko kitabu changu. Hajawahi kulichapisha. Alitaka nakala tano tu, za watoto.

BINTI WA PAZIA:
Hizi za wanaume wanaosafiri na mabaharia sawa, mimi nataka kujua ule muda uliupata saa ngapi. Nina watoto wawili na kazi, kila nikisoma mwandishi anahojiwa anasema "huwa naamka, natembea msituni, naandika mpaka mchana." Msitu gani jamani

MWALIMU WA ZAMU:
Binti, Toni Morrison alikuwa na watoto wawili wa kiume, ameachana na mume, kazi yake ni uhariri kwenye kampuni ya vitabu. Aliandika alfajiri kabla watoto hawajaamka. Riwaya ya kwanza 1970, ana miaka 39. Na mbegu yake ilikuwa hadithi fupi aliyoipeleka kwenye kikundi cha waandishi miaka ya nyuma, akairudia baadae. Hakuna msitu.

KIDOLE KIMOJA:
Mimi niliandika kwenye pengo la kati ya wateja na mabasi. Sina ratiba ya kukupa, niliyojaribu kujiwekea zote zilivunjika. Kilichonisaidia ni kijinga sana, nilikuwa namaliza siku katikati ya sentensi. Nikiona sentensi inaenda vizuri naikata, nafunga. Kesho nikifungua sina haja ya kuanza, namalizia. Kuanza ndo kunaua, kumalizia mtu yeyote anaweza. Simu yangu ilijaa noti za sentensi nusu nusu, mke wangu siku moja akaokota moja inasema "kama angejua kwamba nilimfuta kwa sababu" akaniuliza huyu nani. Ilinichukua jioni nzima kueleza.

MSUBIRI GARI:
Sentensi nusu zitakuvunjia ndoa mkuu, malizia hata moja 😂

CHOZI LA MAMBA:
Swali langu liko kwenye kusoma. Nimejaza daftari matatu ila kila nikisoma mwandishi mzuri najiona takataka naacha. Wewe ulikuwa unasoma nini? Na ulifanyaje usimwige?

KIDOLE KIMOJA:
Nilisoma chochote kilichokuwa na maandishi, na nilianza kusoma riwaya vizuri nikiwa mkubwa tayari, kwahiyo sina ile ya "nikiwa na miaka saba nilimaliza maktaba". Kuiga niliiga sana. Kurasa arobaini za mwanzo za rasimu ya kwanza mhariri wangu aliniambia amesikia sauti za watu wanne humo na mimi simo. Nilikasirika nikakaa wiki sijamjibu. Alikuwa sahihi, tena waliokuwemo walikuwa watano, mmoja hakumtambua.

Ila nikwambie nilivyotoka huko. Nilirudi kwenye kazi yangu ya zamani. Nikawa nachukua tukio, namuweka shangazi kwenye benchi la ofisini akisubiri zamu, namuuliza haya mama tuandike nini. Anaongea kwanza, nusu saa, anavyotaka, anarukaruka, anatukana, naandika yote kama yanavyokuja. Af nikimaliza natoa sentensi zote ambazo angeziweka kwenye barua rasmi. Zinazobaki ndo zake. Sauti ya mtu ipo kwenye kile asichokubali kitaipiwe. Sasa huyo mwandishi mzuri unayemwogopa hajawahi kukaa kwenye benchi lako, hata akiwa mkubwa vipi. Abdulrazak Gurnah alianza kuandika akiwa kijana ugenini Uingereza, riwaya ya kwanza imetoka 1987, Nobeli kapewa 2021. Hapo katikati ni miaka 34 ya kukaa kwenye benchi lake mwenyewe. Na daftari tatu sio takataka, mimi kurasa zangu 140 zilizokufa nilitumia mstari mmoja tu kutoka humo, ni mstari wa kwanza wa kitabu.

CHOZI LA MAMBA:
Mstari gani mkuu tupe basi

KIDOLE KIMOJA:
Hapana, kitabu kinatoka mwezi ujao 😂 vumilia

MKIA WA NYANI:
Mzee wako na mama wamesoma?

KIDOLE KIMOJA:
Nilikuwa nasubiri hili swali, kidogo niondoke bila kuulizwa.

Nilichapa nakala mbili nikawapelekea, kila mtu yake, maana wakishea watagombana. Mzee alimaliza kwa siku mbili. Akanipigia, akasema ni kizuri, ila pale kwenye sura ya sita dereva anayemleta mtoto ungempa aibu ndogo, anaonekana anajisifia. Yani kwenye kurasa mia mbili na kitu aliyemuona ni dereva mwenzake. Nikarudia ile sura, nikampa dereva kikohozi cha aibu mbele ya mkaguzi, na kweli ikakaa. Hiyo iliingia kabla ya mhariri kufunga.

Mama alichukua muda. Wiki sita. Kila nikimuuliza anasema nasoma, usinikimbize. Leo asubuhi, na hii ndo sababu nyingine ya kufungua uzi huu leo na sio jana, kanipigia. Hakusema kizuri wala kibaya. Akaniuliza, hivi yule shangazi ukurasa wa 61 anapoingia ndani amevua viatu mlangoni, si ndio? Nikasema ndio mama, ndio, anavua ili asisikike. Akasema haya. Akaniuliza habari za watoto, tukaongea, akaulizia mgongo wangu. Mwisho kabisa anataka kukata simu akasema, na ukurasa wa 64 anapotoka kwa mlango wa nyuma kwenye matope unasema viatu vilizama. Alivivaa saa ngapi?

Wakuu. Mhariri hakuona. Wasomaji wangu watano hawakuona. Nimesoma mswada ule mara zisizopungua ishirini na sikuona. Mlango wa nyuma na mlango wa mbele ni nyumba mbili tofauti, viatu viko upande mwingine kabisa, hakuna namna.

Nimempigia mchapishaji anasema sahani za kuchapia bado hazijatengenezwa, nina mpaka kesho mchana. Sasa nasita. Nikiandika alitoka peku matope yanabadilika, ile sentensi ya kuzama ndo niliyoipenda kuliko zote. Nikimrudisha akachukue viatu kelele inaamsha nyumba na sura yote inayofuata inaanguka. Mwenye wazo aseme, niko macho.

MSUBIRI GARI:
Atoke na kimoja mkuu. Cha kushoto